Siku Wakwe Walipokosa Kitoweo

Kadzo mwanangu,

Umekwenda kwa baba mdogo wako Kazungu kuaga, na najua hutarudi upesi, maana pale kwake mtu haruhusiwi kuondoka kabla ya kula. Nimekaa kwenye meza yangu ya kusahihishia madaftari. Jua bado liko juu ya mikorosho. Nataka kumaliza kabla hujatokea njiani, niipenyeze barua hii kwenye begi lako, kati ya zile aproni mbili nyeupe ulizopiga pasi asubuhi. Utaikuta Mtwapa kesho, utakapofungua mizigo kabla ya kuanza kazi yako mpya ya upishi.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wa chumba cha kupanga, wala za kuchagua marafiki. Una miaka ishirini na sita, umesomea upishi, na mengi katika hayo wewe ndiye ungenifundisha mimi. Nataka kukueleza jambo moja tu, ambalo nusu yake unaijua na nusu yake nimekuficha.

Nianze na ile unayoijua, ingawa ilipotokea wewe ulikuwa ndani na wanawake, karibu na mama yako. Ilikuwa siku ya matanga yake, miaka minne iliyopita. Wazee wa ukoo walikaa kuamua waombolezaji watalishwa nini. Mmoja wao akasema, "Mke wa Mwalimu hazikwi kwa kunde," na wenzake wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kupumzisha kifua. Wakakubaliana achinjwe ng'ombe wa mama yako mwenyewe, yule mwekundu aliyempa jina la Riziki. Sikubisha. Nilidhani ni heshima kwake.

Vijana walipokwenda kumfungua, Riziki alikataa. Walimvuta mpaka kamba ikakatika. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akimwita: alitikisa karai la pumba na kusema, "Haya bibi, haya bibi," kwa sauti ya chini, ya puani kidogo, kama anayembembeleza bi harusi atoke chumbani. Kazungu akaja kunitafuta. "Kaka, wewe anakujua. Hebu mlete." Nikachukua karai. Nikasema, "Haya bibi," na sikusema kwa sauti yangu. Niliiga sauti ya mama yako. Yule ng'ombe akainua masikio, akanifuata bila kamba, akapita katikati ya watu waliokuwa wakilia, mpaka pale walipokuwa wamechimba kishimo cha damu.

Tulikuwa tumemwita jirani yetu Mwislamu aje achinje, kama tufanyavyo siku zote ili asiwepo mgeni wa kukaa kando ya sinia. Walipokwisha kumlaza, jirani akaniambia kwa upole, "Mwalimu, sogea. Anakutazama wewe." Nikasogea. Jicho likanifuata nilikosogea.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha biolojia. Nilichora ubongo na uti wa mgongo ubaoni mpaka ningeweza kuuchora nimefumba macho. Niliwaambia wanafunzi kwamba neva ya ng'ombe na neva ya mtu hufanya kazi ile ile: mwiba ukichoma, habari inapanda, na mwenye mwili anaumia. Nilitunga maswali ya mtihani juu ya jambo hilo. Kisha kengele ikilia nilikwenda kula nyama, na sikuona chochote cha kuuliza. Siku ile ndipo nilipogundua kwamba yote hayo nilikuwa nayajua kwa chaki tu.

Lakini nataka unielewe vizuri. Kilichonikata si maumivu yake. Mkono wa jirani ulikuwa mwepesi, na mambo yalikwisha haraka. Kilichonikata ni kwamba aliniamini, na imani ile haikuwa yangu. Mama yako ndiye aliyeijenga, asubuhi baada ya asubuhi, na mimi siku ya kumzika niliichukua nikaitumia. Tangu jioni ile nikaacha nyama. Samaki nao nikawaacha, kwa sababu kila nilipojaribu kuchora mpaka, sikuona pa kuuweka. Kazungu alinibishia: "Lakini samaki hukumwita wewe, kaka. Alijiingiza mwenyewe." Nikacheka, na bado sikumla.

Watu hudhani kwamba aliyeacha nyama ni mtu aliyependa majani. Wewe uliyenipikia miaka minne unajua ukweli. Sipendi mchicha. Mnavu unaniachia uchungu mdomoni kama dawa ya mchango, kisamvu kinanishinda hata ukikitia nazi mara mbili, na bamia siwezi kuitazama ikiteleza. Mbaazi za nazi nazikubali, lakini nani asiyezikubali? Nikienda Malindi kuchukua dawa zangu, hupita upande wa pili wa barabara ili moshi wa mishkaki usinifikie, na hunifikia vilevile. Nimewahi kusimama pale, mtu mzima mwenye mvi, mate yakinijaa mdomoni, nikimfikiria ng'ombe mwekundu na nikitamani kumla ndugu yake. Miaka minne haijaniondolea tamaa hiyo, wala sijapata ile raha ya kujiona mwema. Ningekuwa nimeipata, labda ningekuwa mpole zaidi kwako.

Maana hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Sikukukataza kula nyama, sivyo? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilisema tu kwamba katika nyumba hii hakuna kiumbe kitakachochinjwa, wala nyama haitaingia jikoni. Wewe, mtu uliyefundishwa kukaanga, kuoka na kuchoma, ukawa unarudi nyumbani kunitengenezea maharagwe. Jumapili ulikuwa ukila kwa Kazungu, kisha unanawa mikono kwa ndimu kabla ya kurudi. Nilijua, Kadzo. Harufu ya ndimu ilikuwa ikinifikia kabla yako. Nilipaswa kusema, "Mama, kula nyama yako hapa, tukae pamoja, kila mtu na sahani yake." Badala yake nilinyamaza, nikafurahi moyoni kwamba unaniheshimu.

Kisha akaja Tsuma.

Nilimpenda yule kijana, na naliandika hili kwa sababu sidhani kama niliwahi kulisema. Nilipenda alivyokuwa akikusikiliza ukizungumza, mikono yake ya fundi wa umeme imetulia magotini. Aliposema kwamba wazee wake watatoka Rabai kuja kujitambulisha, nilikesha kwa furaha. Nilipiga rangi mlango. Nilikata nyasi mwenyewe.

Siku moja kabla, Kazungu akaja na beberu mnene amemfunga kamba. Nilimsimamisha nje.

"Mrudishe," nikamwambia.

"Kaka, hawa ni wakwe. Hawaji kusoma."

"Nyumba hii haimwagi damu."

"Basi nimchinjie kwangu, nyama ije ndani ya sufuria. Hutaona damu wala ngozi."

Nikakataa. Nawe ukatoka jikoni, unga umekujaa mikononi, ukaniambia maneno ambayo nayakumbuka yote: "Baba, hata kuku mmoja? Nimpike huko huko kwa baba mdogo. Wewe usimguse." Sauti yako haikuwa ya kudai. Ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Nikakujibu, "Wakikupenda, watakula tunachokula sisi." Nilidhani nimesema neno kubwa.

Sasa hebu nieleze, maana kueleza ndiyo kazi niliyoizoea, kitu ambacho mimi mwenyewe nilikijua tangu utotoni na siku ile nikakisahau. Kwetu, kitoweo si kile kinachosindikiza wali tu. Unaweza kuweka mboga saba mbele ya mgeni, naye akirudi kwao akaulizwa alikula nini, atasema, "Nilipewa wali mtupu." Na wakwe ni zaidi ya wageni. Waliochinjiwa wamekubaliwa. Wasiochinjiwa wamejibiwa. Hakuna anayetamka neno hapana mbele ya mzee wa watu, ni jambo la aibu. Sufuria ndiyo inayolisema kwa niaba yako, kila mtu anasikia, na mnaagana kwa adabu. Nililijua hilo. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumwona babu yako akimkataa mchumba wa shangazi yangu kwa bakuli la kunde.

Walifika watu wanane, pamoja na kibuyu cha tembo la mnazi walichokuja nacho kwa ajili ya kufungua mazungumzo. Ulikuwa umepika tangu alfajiri: wali wa nazi, mbaazi, maharagwe, biringani za kukaanga, mchicha, viazi vya karai. Nadhani hujawahi kupika vizuri namna ile. Wakanawa. Mzee Mwero, babake Tsuma, akafunua bakuli la kwanza, akalifunika. Akafunua la pili, akalifunika. Akayapitia yote kwa utaratibu, kama mtu anayetafuta miwani yake.

"Mwalimu," akasema, "kitoweo kiko njiani?"

"Ndicho hiki, mzee wangu."

Shangazi yake Tsuma, yule mnene mwenye leso ya njano, akasema, "Hee! Hata dagaa wamehama Malindi?" Wakacheka, na mlango ulikuwa wazi bado. Ningeweza kucheka nao, nikamtuma mtu kwa Kazungu, wakasubiri. Lakini mimi nikasimama. Nikaanza kuwaeleza habari za Riziki, nikaenda kwenye neva, nikaenda kwenye uti wa mgongo. Nilizungumza mpaka mvuke ukaacha kutoka kwenye wali. Nilikuwa nimesubiri karibu miaka minne mtu aniulize, na hata hao hawakuwa wameniuliza.

Nilipomaliza, Mzee Mwero akainamisha kichwa. "Tumekuelewa, Mwalimu," akasema. Wenzake nao, mmoja mmoja: "Tumekuelewa. Tumekuelewa."

Kadzo, nilikaa chini nimeridhika. Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote kutoka kwenye madawati, na kila mara lilikuwa na maana moja, kwamba somo limeingia. Walionja wali kwa ncha za vidole, wakaomba maji ya kunawa, wakasimama. Kibuyu wakakibeba kama walivyokuja nacho, hakijafunguliwa. Hata hapo nilijiambia kwamba wamekirudisha kwa kuniheshimu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa na sinywi.

Wewe ulikuwa umesimama mlango wa jikoni. Wewe ulikuwa umekiona kibuyu. Ukaniuliza, "Baba, wamekuelewa nini?" Nikakujibu kwa furaha kwamba ni watu wenye akili sana.

Siku ya nane Tsuma akakupigia simu. Alilia, uliniambia, lakini wazee wake walikuwa wamekwisha kuamua: babake msichana amekataa, tena amekataa kwa hotuba. Ulikuja ukasimama mbele ya meza hii hii. Hukupaza sauti. Ukasema, "Ng'ombe ulimhurumia. Mimi je?" Ukangoja. Nami nikaanza kupanga kalamu zangu mezani. Kisha ukaenda kunichemshia chai.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua. Sasa nikuambie niliyokuficha.

Wiki mbili baada ya simu ile nilikuaga nikasema nakwenda Kilifi kwenye mkutano wa walimu wastaafu. Hapakuwa na mkutano. Nilikwenda Rabai. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi, na nilipofika nikayasahau kwa jinsi Mzee Mwero alivyonipokea. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Akanipa kiti chenye mto. Nikasikia kuku akifukuzwa nyuma ya nyumba, nikajua anafukuzwa kwa ajili yangu, nami nikabaki kitini.

Chakula kikaja. Firigisi ilikuwa imewekwa juu ya wali, upande wangu. Mzee akaigusa sahani akaisogeza.

"Mwalimu," akasema, "nilikuja kwako sikukuta changu. Umekuja kwangu, chako hiki. Ukikiacha, utakuwa umenikataa mara mbili. Kula, halafu tuseme."

Nikala.

Ningependa kukuambia kwamba kilikuwa kama mchanga kinywani. Sivyo ilivyokuwa. Kilikuwa kitamu, Kadzo. Nilikula firigisi, nikala paja, nikafyonza mfupa, na mkono wangu ukarudi sahanini wenyewe kabla sijauruhusu. Machozi yalinitoka, na mpaka leo sijui yalikuwa ya nini. Mzee Mwero alijifanya hayaoni. Tulipokwisha kunawa nikamweleza yote: kwamba sikukataa, kwamba ulikuwa ujinga wangu, kwamba binti yangu aliniomba kuku mmoja nami nikamnyima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kama ungekuja wiki ile ile, Mwalimu. Kibuyu chetu kimekwisha kufunguliwa kwa watu wengine. Hatuwezi kuwaaibisha wao nao."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini umeniacha nile kwanza?"

Akashangaa kweli. "Wewe ni mgeni wangu," akasema. "Ningekuambiaje jambo kama hilo una njaa?"

Nilirudi nyumbani jioni. Ulikuwa umenipikia mchicha na ugali. Nilikuwa nimeshiba kuku wa watu, lakini niliogopa utauliza, nikala mchicha wote mpaka nikafuta sahani. Ukaniambia, "Leo umekula vizuri, Baba." Ulifurahi. Hilo ndilo neno lililoniweka macho siku nyingi, kuliko hata lile la "Mimi je?"

Kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa darasa la tatu angeiona. Ulipohitaji kuku mmoja, ambaye sikutakiwa kumla wala kumwona, nilikataa. Jambo lilipokwisha kuharibika, nikaenda nikamla mimi mwenyewe, na haikukusaidia kitu. Kile nilichokuwa nikikiita msimamo kiliweza kuvunjika, basi. Kilivunjika kwa ajili ya mzee niliyekutana naye mara mbili tu, aliyenisogezea sahani. Kwa ajili yako hakikuvunjika.

Tangu siku ile ya Rabai sijala nyama tena. Sikuandikii hili unisifu. Nimejaribu kujishawishi kwamba, kwa kuwa nilikwisha kuvunja, bora niache yote na nirudi kwenye mishkaki yangu. Lakini kila nikikaribia, naliona lile jicho. Bado naamini kwamba ng'ombe yule alistahili bora zaidi kutoka kwangu. Naamini pia kwamba nawe ulistahili. Sijui kwa nini nilifikiri lazima nichague kati yenu. Hakuna aliyekuwa ameniambia nichague. Kazungu alikuwa amenionyesha njia ya kupita, na kamba ya beberu ilikuwa mkononi mwake.

Utakutana na mambo utakayoyaamini kwa nguvu. Sikuambii uyaache. Nakuomba tu, ukishika jambo, tazama mzigo wake umemwangukia nani. Mimi niliposhika langu nilijitazama mwenyewe nikinyimwa nyama, nikaona nimejitesa vya kutosha. Sikutazama upande wa jikoni.

Nimezungumza na Kazungu. Ikiwa siku moja watakuja watu wengine kwa ajili yako, watapokewa kwake, na atachinja anachotaka. Nitavaa kanzu yangu nzuri, nitawaamkia, nitakaa mkekani nile wali, na nikiulizwa kwa nini sili nyama nitasema ni tumbo. Ninajua haimrudishi Tsuma. Na sheria ya nyumba hii nimeiondoa; ibaki juu ya mdomo wangu, haikuwa na haki ya kukaa juu ya wako. Ukija likizo, pika unachotaka, mlango wa jikoni ukiwa wazi.

Nimeificha barua hii begini ili usitakiwe kunisamehe kesho asubuhi tukiagana. Kuaga kuna mambo yake mengi, na sitaki ubebe na hili njiani. Ukitaka kunyamaza mwezi mzima, nyamaza.

Lakini utakapokuwa tayari, nipigie. Niambie huko jikoni kwao wamekupa upike nini. Kama ni nyama, usinifiche. Niambie uliitia nini, ilikaa motoni kwa muda gani, na waliokula walisema nini. Nitakusikiliza mpaka mwisho, nami sitaeleza kitu.

Baba yako